Boriti ya Chuma Iliyoliwa na Kutu: Fungua Ncha, Pima, Egemeza, Ndipo Uiguse

Boriti ya chuma haianzi kuoza pale unapoiona. Katikati ya chumba, penye hewa, kutu huwa ya juu juu. Inatisha macho, lakini mara nyingi brashi ya waya inaitosha. Ncha mbili zilizozama ukutani ndizo hufa kwanza. Tofali la kuchoma hunyonya maji ya mvua na kukaa nayo siku nyingi, na chuma kilichofukiwa humo hakipati jua wala upepo. Ndiyo maana kazi hii ina sharti moja ambalo fundi mwenye haraka halipendi: usinunue rangi wala usiite mchomeleaji kabla hujafungua ncha zote mbili ukaona kilichobaki.

Maelezo haya yanahusu boriti za umbo la I na za chaneli (umbo la C) zinazobeba ghorofa ya juu, veranda, ukuta ulio juu ya mlango mpana wa duka, au tangi la maji. Tutaita sehemu zake bapa la juu, bapa la chini, na kiwambo, yaani kile kipande kilichosimama katikati. Majina haya yana maana yake. Mabapa ndiyo hupambana na kupinda katikati ya boriti. Kiwambo ndicho hubeba nguvu ya kukata, ile inayotaka kuikata boriti kwa wima karibu na ukuta. Tundu dogo kwenye kiwambo katikati ya chumba ni jambo la kuangaliwa. Tundu lilelile sentimita tano kutoka ukutani ni hatari.

Hatua ya 1: Shusha mzigo leo

Kama kuna tangi juu ya boriti, toa maji yake yote. Lita 1,000 ni tani moja, na tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zinazokaa usiku na mchana juu ya chuma unachokishuku. Hamisha magunia ya mahindi, saruji, au bidhaa za duka zilizorundikwa juu.

Halafu zunguka na uangalie. Watu watoke chumba cha chini, na kile cha juu pia, ukikuta lolote kati ya haya: bisibisi inapenya kiwambo karibu na ukuta, boriti imejisokota na haiko wima tena, matofali chini ya ncha yamesagika, au ufa wa plasta unaongezeka siku hadi siku. Hapo mpigie mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Uganda. Fundi wa mageti, hata awe hodari kiasi gani, si mtu wa kukuambia kama ghorofa itasimama.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanatoka wapi

Ukipaka rangi bila kuziba maji, unanunua misimu miwili ya mvua tu. Panda juu wakati mvua inanyesha, si kesho yake. Angalia gata lililojaa majani, kiungo cha mabati kwenye bonde la paa, sakafu ya bafu la juu, na bomba la kufurikia la tangi linalodondoshea ukutani. Ukuta wa nje wenye doa la kijani kwa nje na boriti kwa ndani tayari umekupa jibu.

Wanyama nao wasisahaulike. Popo wakikaa darini, kinyesi chao hurundikana juu ya bapa, hushika unyevu na kula chuma polepole. Kaloli, yale makorongo makubwa ya jijini, wakitua juu ya mnara wa tangi, kwa Kampala jambo la kila siku, ni hivyo hivyo. Kwangua kinyesi kikiwa kimelowanishwa, ukiwa na barakoa na glavu, maana vumbi lake si la kuvuta. Na kwa wanaoishi Katwe ya Kasese, kando ya ziwa la chumvi (siyo Katwe ya Kampala wanakochomelea milango), chumvi inayopeperuka hufanya kutu irudi chini ya rangi mpya. Huko, kuosha kwa maji safi kabla ya rangi si hiari.

Hatua ya 3: Fungua ncha, gonga, pima

Bandua plasta kuzunguka kila ncha, sentimita 20 kila upande, kwa patasi na nyundo ndogo. Usitumie nyundo kubwa. Boriti iliyochoka haipendi kutikiswa. Ondoa vipande vya tofali vilivyo ubavuni mwa ncha tu. Vile vilivyo chini yake usiviguse.

Gonga chuma kwa nyundo ya nusu kilo kila baada ya sentimita 20. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa mshindo mfu na magamba huanguka. Usishtuke kwa unene wa gamba: kutu huvimba, na huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichoizaa. Gamba la milimita 6 laweza kuwa limekula milimita moja au mbili tu. Uvimbe huohuo ndio hunyanyua matofali na kupasua plasta kwa mstari ulionyooka juu ya boriti. Mstari wa namna hiyo ukiuona ukutani, ujue chini yake kuna chuma kinachotanuka.

Sasa pima. Safisha sehemu tano hadi chuma king'ae: ncha mbili, katikati, na robo mbili za urefu. Vernia, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita, hupima ukingo wa bapa tu, na ukingo hudanganya. Tumia kalipa ya miguu iliyopinda ifike ndani ya bapa, kisha upime mwanya wa kalipa kwa vernia. Kiwambo hakifikiki kwa kalipa fupi. Mhandisi ana kipimo cha sauti kinachosoma unene kutoka upande mmoja. Kama hana, achague yeye pa kutoboa tundu la milimita 6, kwenye kimo cha kati cha kiwambo na mbali na ukuta.

Unahitaji pia unene wa asili. Tafuta sehemu ambayo haijaliwa, au linganisha na jedwali. Boriti ya 203 x 133 (kimo na upana wa bapa kwa milimita) yenye kilo 25 kwa mita, kwa mfano, hutoka kiwandani na bapa la milimita 7.8 na kiwambo cha milimita 5.7. IPE 200, boriti ya vipimo vya Ulaya yenye kimo cha milimita 200, ina 8.5 na 5.6. Ukipima bapa la ile ya kwanza ukapata 6.4, limepotea asilimia 18.

Mwisho, pima kulegea. Weka vijiti viwili vya unene wa milimita 20 chini ya boriti, kimoja kila ncha, nyoosha uzi wa kuvulia samaki chini ya vijiti hivyo ukaze sana, kisha upime mwanya kati ya uzi na boriti katikati. Ukipata milimita 9, boriti imelegea milimita 11. Kwa boriti ya mita 4, milimita 16 ni moja ya 250 ya urefu; ikifika hapo, hesabu ya mhandisi haikwepeki. Andika namba na tarehe ukutani kwa penseli, kwa sababu boriti nyingine ziliwekwa zikiwa zimepinda tangu mwanzo, na kinachokuambia ukweli ni kama namba inabadilika.

Hatua ya 4: Amua

Mgawanyo huu ni wa kazini. Hauchukui nafasi ya hesabu.

Kama kilichopotea hakizidi asilimia 10 popote, na ncha ni nzima, safisha na upake rangi. Kati ya 10 na 25, mhandisi apige hesabu ya mzigo halisi; huenda boriti ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika na rangi ikatosha, au ikahitaji bamba la kuongezea nguvu. Ikizidi hapo, au ncha zikiwa na matundu, badilisha. Kubandika viraka kwenye ncha iliyooza ni kazi ngumu, hufanyika mahali pabaya pa kuchomelea, na gharama yake huikaribia ya boriti mpya.

Kubadilisha boriti hakuhesabiwi kama ukarabati wa rangi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda ya mwaka 2013, ulizia kibali kwenye kamati ya majengo ya wilaya au manispaa yako kabla ya kubomoa.

Hatua ya 5: Egemeza

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo tusikimbie.

Kodi propu, yaani nguzo za muda, za chuma zenye skrubu. Miti ya kalitunsi (mikaratusi) inayoshikilia mbao za zege ni sawa kwa kazi yake, lakini hairekebishiki kidogo kidogo, na mti mbichi hukauka ukafupika bila kukuaga. Propu nayo, kadiri unavyoirefusha, ndivyo inavyobeba kidogo. Propu iliyovutwa hadi mwisho ni ishara kwamba ulihitaji saizi kubwa zaidi.

Kama boriti inabeba sakafu, weka safu mbili za propu, moja kila upande, sentimita 60 hivi kutoka kwenye boriti. Juu ya kila safu pitisha ubao mzito uliosimama kwa ubavu, au chaneli ya chuma. Chini weka ubao wa milimita 225 x 50 unaopita chini ya propu zote, usiruhusu kila propu isimame juu ya kigae chake. Umbali kati ya propu usizidi mita moja. Kama chini yako kuna chumba kingine, propu ziendelee huko pia, mstari kwa mstari, hadi ardhini. Kosa la kawaida kabisa ni kuegemeza ghorofa ya pili juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza na kudhani mzigo umeisha hapo.

Kama boriti inabeba ukuta, safu mbili hazitoshi, maana ukuta uko katikati yake. Toboa ukuta juu ya boriti, pitisha boriti fupi za chuma kutoka upande hadi upande kila baada ya sentimita 90 au chini ya hapo, na kila moja ishikwe na propu mbili. Ukuta wa matofali ya udongo wenye mota dhaifu ya mchanga mwingi unahitaji boriti hizi ziwe karibu zaidi, la sivyo matofali ya katikati yatashuka kama meno ya mzee.

Kaza skrubu kwa mkono hadi iguse, kisha robo ya mzunguko. Basi. Propu inashika, haiinui. Ukikaza kwa rungu utasikia plasta ya juu ikipasuka. Ziangalie tena kila asubuhi, kwa sababu mbao hubonyea usiku.

Hatua ya 6: Safisha

Ondoa kwanza mafuta na masizi kwa sabuni na maji, au kwa tina na kitambaa. Ukianza na brashi ya waya, unayasugua mafuta yaingie ndani. Kisha bandua magamba kwa nyundo ya ncha na kwangua kwa patasi butu. Malizia kwa grinda yenye kikombe cha waya, kisha msasa wa namba 60 au 80 kwenye pembe ambazo kikombe hakifiki. Unatafuta chuma kinachong'aa kijivu, ambacho wapaka rangi wa kiwandani hukiita St 3. Angalia kikombe kisije kikaing'arisha kutu badala ya kuiondoa: kutu iliyosuguliwa sana hung'aa rangi ya kahawia nyeusi na humdanganya hata fundi. Ikwaruze kwa ncha ya kisu. Ikitoa unga mwekundu, bado.

Rangi ya zamani ya chungwa au nyekundu iliyo chini kabisa huenda ina risasi. Usiichome, na usiipige grinda ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwangue, kusanya mabaki kwenye mfuko, watoto wawe mbali, na barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, si kitambaa. Miwani na glavu ni za lazima muda wote. Waya wa kikombe huruka kama sindano.

Njia tatu za mkato unazopaswa kuzikataa. Asidi ya betri hung'arisha chuma mchana, lakini chumvi zake hubaki kwenye vinyweleo na kutu hurudi chini ya rangi. Oili chafu ya gari huzuia kutu kidogo, ila hakuna rangi itakayoshika juu yake. Na dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforasi au tanini, hufanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyoshikamana. Ukiipaka juu ya magamba yanayong'oka, itang'oka nayo.

Hatua ya 7: Rangi ya kinga

Paka tabaka la kwanza siku hiyohiyo, ndani ya saa nne baada ya kusafisha. Asubuhi mapema chuma hutoka jasho, hasa Entebbe na Jinja karibu na ziwa, hata kama mkono hauhisi unyevu. Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kusini mwa nchi, Januari ni rafiki. Aprili na Oktoba si marafiki.

Chagua praima (rangi ya tabaka la kwanza) ya epoksi ya mikebe miwili inayovumilia chuma kilichosafishwa kwa mkono. Praima yenye zinki nyingi husifiwa dukani, na ni nzuri kweli, lakini juu ya chuma kilichopigwa mchanga wa mashine tu. Zinki lazima iguse chuma kitupu ndipo ikilinde. Juu ya masalia ya kutu ni pesa iliyotupwa. Kwa boriti ya ndani iliyo kavu kabisa, praima ya kawaida ya oksidi nyekundu pamoja na rangi ya mafuta inatosha.

Kiasi: boriti ya 203 x 133 ina eneo la takriban mita mraba 0.92 kwa kila mita ya urefu, hivyo ya mita 4 ina mita mraba 3.7. Epoksi yenye asilimia 60 ya yabisi, ikipakwa ikauke kwa mikroni 75 (milimita 0.075), hufunika mita mraba 8 kwa lita kwa hesabu na kama 5.6 mikononi mwa mtu. Tabaka mbili zitakula lita 1.3. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye mkebe, kidogo kidogo, kwa sababu ikishaanza kuganda kwenye joto haiokolewi kwa kuongeza tina.

Kabla ya kila tabaka zima, pitisha brashi ndogo kwenye kingo, boliti na michomeleo. Rangi hukimbia kingo zikabaki nyembamba, na huko ndiko kutu ya kwanza itachungulia. Tabaka la kwanza liwe na rangi tofauti na la pili ili uone ulipopasahau. Paka ncha pia, hadi ndani ya ukuta. Usizifukie kwa jipsamu. Ikilowa, hukila chuma. Tumia mota ya saruji.

Hatua ya 8: Bamba la kuongeza nguvu

Unene na urefu wa bamba atautoa mhandisi. Mbinu ni hii: bamba la bapa la chini liwe pana kuliko bapa, milimita 10 kila upande, ili mchomeleaji aweke mchomeleo kwenye ukingo akitazama chini, badala ya kulala chali akidondoshewa moto. Kwa bapa la 133, kata bamba la 155.

Propu ziwe zimebeba mzigo kabla ya cheche ya kwanza. Chuma kikifika nyuzi joto 600 hubaki na takriban nusu ya nguvu yake, na boriti iliyobeba ghorofa haitasubiri ipoe. Chomelea vipande vifupi vya milimita 75, ukiruka kutoka upande hadi upande na kuanzia katikati kwenda nje, kisha urudi ujaze mapengo yote. Pengo likiachwa, maji huingia kati ya bamba na bapa, kutu huvimba humo na kulipasua bamba. Usichomelee kukata bapa la chini kwa upana katikati ya boriti; mchomeleo wa namna hiyo ni mwanzo wa ufa.

Elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za aina ya E7018 ndizo za kazi hii, kutoka pakiti iliyofungwa, maana zikishanyonya unyevu wa stoo huleta nyufa. Mashine nyingi za kienyeji za AC hushindwa kushika moto wake. Mwambie fundi aje na inverta ya DC. Kama dari ni ya mbao, iloweshwe, ndoo mbili za mchanga ziwe karibu, na mtu abaki akilinda kwa saa moja baada ya kazi.

Hatua ya 9: Kubadilisha

Pima nafasi wazi, ongeza milimita 150 za kukalia kila upande. Nafasi ya mita 4 inataka boriti ya mita 4.3, na ile ya kilo 25 kwa mita itakuwa na kilo 108: watu sita, si watatu na mwenye nyumba. Kabla ya kulipa, pima unene kwa vernia papo hapo dukani. Jina lililoandikwa kwa chaki si kipimo. Ipake rangi ikiwa chini, ncha zote na bapa la juu, kwa sababu hutalifikia tena.

Matofali yetu ya kuchoma ni laini, hivyo ncha isiyakalie moja kwa moja. Mimina kitako cha zege chini ya kila ncha: urefu wa milimita 450, upana wa ukuta, kimo cha 150, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Robo ya mfuko wa kilo 50 inatosha vitako vyote viwili. Mwagilia siku saba ndipo ukibebeshe. Kuanzia Fort Portal hadi Kasese na Bundibugyo, ambako ardhi hutikisika, mhandisi aonyeshe pia nanga za kufunga ncha kwenye kitako.

Boriti ikishakaa, kagua kwa pimamaji, ikaze kwa kabari za chuma, kisha jaza mwanya wa juu kwa mota kavu ya saruji moja kwa mchanga tatu, yenye unyevu wa kushikana kiganjani tu, ikisindiliwa kwa kipande cha ubao hadi iwe ngumu. Mota ya majimaji husinyaa ikikauka. Siku propu zinatoka, ukuta hushuka kuufuata mwanya huo na nyufa mpya zinalaumiwa kwa boriti isiyo na hatia.

Acha propu siku saba. Zilegeze robo ya mzunguko kila moja, kuanzia katikati, zunguka zote, rudia. Zikiwa zimelegea lakini bado zimesimama, subiri usiku mmoja, pima tena kwa uzi uleule wa kuvulia, na uandike namba ukutani kabla plasta haijafunika.